Kicheko cha Sefu

Tangu Sefu aanguke kutoka juu ya paa na kuvunjika uti wa mgongo, mkewe Mwanatumu alikuwa hajapata kumsikia akicheka. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani, na leo ndiye aliyemsukuma kwenye matembezi ya kukichangia chama cha walioumia uti wa mgongo. Lakini kipaza sauti alikishika Leila, aliyewahi kuwa mchumba wa Sefu. Alipozungumza watu walilia, wakachanga.

Mwanatumu alikwenda kumletea mumewe maji. Aliporudi, alimkuta Leila amechuchumaa kando ya kiti cha magurudumu, na Sefu anacheka kile kicheko chake cha zamani, mpaka machozi yanamtoka.

"Mnacheka nini?" aliuliza.

Leila aliinuka haraka. "Hamna kitu, dada. Mambo ya zamani tu."

Mwanatumu aliona wivu. Alitaka kumfukuza. Badala yake alisema, "Kaa. Mchekeshe tena."

Kisha akazunguka nyuma ya kiti, mahali ambapo mumewe asingeweza kuuona uso wake, akasubiri.