Watatu wa Kumuulizia

Siku hizo, kila aliyeishi peke yake alitakiwa kuwa na watu watatu wa kumuulizia hali kila asubuhi. Wakipungua, mji ulimhamishia kwenye Nyumba ya Matunzo. Kabula, mfamasia mstaafu wa Mwanza, alikuwa amebaki na dada yake tu, na alipewa mpaka Ijumaa awe amewapata wengine wawili.

Jumatano mchana alikwenda kwenye ukumbi wa poka alikocheza miaka miwili bila kuzungumza lolote nje ya mchezo. Safari hii alimgeukia Mzee Rwegasira, aliyezoea kukaa kiti cha pembeni yake.

"Mzee mwenzangu, nisipoonekana hapa wiki nzima, utajua?"

"Nitakosaje kujua? Ukipata karata mbovu unaguna. Mguno huo ndio unaonipa ushindi!"

Kabula alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaeleza shida yake. Rwegasira alitoa simu, akajiandikisha kwa alama ya kidole gumba, akawa wa pili.

Mbuke, binti aliyegawa karata mezani pale, alikuwa amesikia yote. Akaacha kuchanganya karata.

"Niandike na mimi, mama," alisema, kisha akainamisha macho. "Ila na wewe uniulizie. Nimebakiwa na mmoja."

Kabula alimtazama. Hata miaka thelathini alikuwa hajafika. Akamshika mkono uliokuwa juu ya karata.

"Huwa unaamka saa ngapi, mwanangu?"