Moyo wa Kuazima

"Usicheke, kitabanduka," alisema Bingwa, akikandamiza kile kifaa kifuani mwa dada yake. Kilikuwa kidogo kama kiberiti, na kwa siku saba kingerekodi kila pigo la moyo.

Daktari alikuwa amembandika yeye, si dada. Mara mbili mazoezini moyo wake ulikuwa umekwenda mbio ovyo, kisha macho yakaingia giza. Kipimo kikitoka kibaya, mashindano ya Jumamosi angeyasikilizia redioni.

"Na ukianguka huko uwanjani?" dada aliuliza.

"Sianguki. Wewe kaa tu kwenye cherehani yako. Si ndiyo kazi yako, kukaa?"

Dada akarudi kwenye cherehani. Zamani walikimbia wote wawili, mpaka klabu iliposema kila nyumba itoe mtu mmoja. Bingwa alilia siku tatu, hali wala hanywi. Siku ya nne dada akasema goti linamuuma, akaenda kujifunza ushonaji.

Wiki ikapita. Kila asubuhi Bingwa alipoamka alimkuta dada keshaoga, anashona. Siku ya majibu Bingwa alikibandua kile kifaa, wakaenda hospitali pamoja.

Daktari alipowasha kompyuta ndipo Bingwa alipokumbuka jambo ambalo hata mtoto angelifikiria: mkimbiaji gani anakaa kitako wiki nzima? Njia ya mwongo ni fupi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Daktari aliitazama ile mistari kwa muda mrefu, kisha akatabasamu.

"Kila alfajiri, saa nzima ya mbio kali, na moyo haukukosea hata pigo moja. Miaka ishirini napima wanamichezo, moyo kama huu sijauona." Akachukua muhuri. "Kakimbie, binti."

Bingwa alimgeukia dada. Dada alikuwa ameinama, ghafla ana shughuli kubwa na uzi uliofumuka kwenye pindo la gauni lake.

Bingwa akaudaka mkono wa daktari. "Usigonge. Huo si moyo wangu." Akauachia. "Nilimbandika dada. Mimi nipime upya."

Muhuri ukarudi mezani.

"Na goti, dada?" Bingwa aliuliza kwa sauti ndogo.

Dada alivuta gauni, akayafunika magoti yote mawili.

"Halijawahi kuuma."