Chuo Kimehama, Mwanangu Amebaki

Kina mama wenzangu wenye mabinti wanaocheza netiboli, nisikilizeni kabla hamjatia sahihi.

Siku hizi chuo kikitaka kuhama ligi hulipa ada ya kutoka, na kikikosa fedha huacha wachezaji badala yake. Mimi sikulijua hilo. Watu wa ligi walikuja kwangu Kilosa kama watu wa posa, na mshenga wao Bwana Mdoe, na doti mbili za kanga. Nikawapikia pilau. Karatasi waliyonipa nikaitia sahihi nikidhani ni ya bima ya mwanangu Semeni.

Mwaka wa pili chuo chake kikafuata ligi nyingine yenye fedha nono za televisheni. Semeni na wenzake saba wakaachwa kuwa ada, na ligi ikampeleka chuo kimoja cha Lubumbashi.

Nikampigia Mdoe. "Nirudishieni mtoto! Kanga zenu hizi hapa, hata sijazifua."

"Mama Semeni, posa ikishapokelewa hairudi. Na pilau tumeshakula!" Akacheka, tena kwa upole. "Kilichohama ni chuo, mama. Mwanao yupo palepale kwenye ligi."

Jana Semeni alipiga simu. Akasema anakula vizuri, anajifunza Kifaransa.

"Unarudi lini, mwanangu?"

"Mama, hapa nao wanataka kuhama."

"Wana fedha ya kulipa?"

"Sijui, mama. Leo asubuhi wametupanga mstari, wakatuhesabu."