Mstari wa Gavana

Mstari ule Mizhir aliusema kwa sauti ya chini makusudi, upite kama kikohozi: "Gavana kaunywa mto, katuachia matope."

Ukumbi wa mashindano ya mashairi ukalipuka. "Rudia! Rudia, bwana!" tukapiga kelele, kama tunavyomfanyia kila mshairi anayetukuna roho.

Afisa wa usalama alikuwa kwenye kiti cha mbele, akipiga miayo huku akichezea tasbihi yake. Akageuka kututazama. Kisha akatoa simu, akaanza kurekodi.

"Rudia, ustadhi," akasema kwa upole. "Sikukusikia vizuri."

Tukanyamaza sote, isipokuwa mama yake Mizhir, kule nyuma kwa wanawake, amesimama juu ya kiti, abaya limemporomoka mabegani.

"Rudia, mwanangu! Hata mkubwa kaupenda!"

Mizhir akakisogelea kipaza sauti.