Papa Philémon Haangushwi

Carine aliruka mwenyewe. Mkono wa Papa Philémon ulikuwa bado unatafuta ukosi wa kimono chake alipojipindua, akapiga mgongo chini, na kishindo kikajaa ukumbi wa parokia. Watoto wa mkanda mweupe wakapiga makofi.

"Muzee iko na nguvu bado!" akasema mmoja wao.

Carine akabaki amelala kidogo, akiangalia bati. Mbavu zilimuuma. Tangu asubuhi alikuwa amesimama soko la Kadutu akiuza vitenge, na nyumbani wanawe walimngojea awapikie. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo: auze, afundishe, aanguke.

Klabu hiyo ya judo ilianzishwa na watu wawili, Philémon na rafiki yake Lucien, walioshona turubai juu ya magunia ya vumbi la mbao wakayaita tatami. Hakuna aliyewahi kulipwa. Watoto walikuja kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Wakakua, wakafundisha wadogo zao, hadi likazaliwa tawi Bagira na jingine Panzi. Carine mwenyewe aliingia pale meno ya utoto hayajamtoka.

Kisha Lucien akachoka. Akaaga, akarudi kwao Idjwi kupumzika. Walimzika kabla mvua za msimu ule hazijakatika.

Waliporudi kutoka mazishini, Philémon aliwakusanya.

"Siku mutu ataniangusha juu ya hii tatami, na mimi naacha," alisema. "Carine atabakia na klabu. Mimi nitaenda kukaa kwa mutoto wangu kule Mudaka, nikule, nilale."

Carine alimvuta pembeni Gentil, mwenzake wa mkanda mweusi.

"Akienda kukaa tu, atakufa sawa Lucien."

"Basi haangushwi," Gentil akajibu.

Na hakuangushwa. Kila mgeni, kabla hajafunga mkanda, Carine alimnong'oneza: hapa unaweza kumshinda yeyote, isipokuwa mzee. Ilikuwa kazi. Magoti ya Philémon yaliisha, pumzi zikawa fupi, na kujitupa chini mbele ya mtu asiye na nguvu ya kukuangusha kunachosha kuliko pambano lenyewe. Mara nyingine Carine alijiuliza kama anamwokoa mzee au anaikimbia klabu. Kisha wiki nyingine ilikuwa imeshaanza.

Jumamosi ile, akijiinua, aliona msichana mgeni amesimama mlangoni. Mabega mapana, kimono kipya, miguu mitupu yenye udongo.

"Unaitwa nani?"

"Merveille, maman."

"Karibu, mudogo wangu. Mbele ya kuingia, iko kitu nataka nikuambie..."

"Acha aingie," Papa Philémon akaita kutoka katikati ya tatami. "Njoo, mutoto. Tusalimiane."

"Papa, ni mugeni. Acha kwanza nimuonyeshe..."

"Carine. Acha aingie."

Wakainamiana. Mzee akanyoosha mikono yake iliyochoka. Merveille akashika ukosi, akageuka, akainama, na miguu ya Papa Philémon ikaondoka chini. Msichana hakuuachia ule mkono wa kimono; alimtua taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Hakuna aliyepiga makofi. Gentil aliziba uso kwa mikono. Mtoto mmoja akaanza kulia bila kujua anachokililia.

Carine alikimbia, akapiga magoti.

"Papa, uliumia? Unisamehe. Ni kosa yangu, nilichelewa kumuambia."

Mzee alikuwa amefumba macho, kifua kikipanda na kushuka. Upande wa pili Merveille naye alikuwa amepiga magoti, na wasiwasi umemjaa usoni.

"Papa Philémon," akauliza, "nilifanya sawa vile ulinifundisha?"

"Sawa kabisa, mwanangu," mzee akasema. "Hawa wananipenda sana. Wangejitupa chini mpaka siku ya kunizika."