Picha ya Fungu la Mchanga

Siku ile mjinga alikuwa Chande, na mwenyewe hakatai. Mwezi mzima ulikuwa wa shughuli: mwanawe mkubwa kahitimu chekechea, wa pili kang'oka jino la kwanza, mdogo kaanza kutembea. Maji yalipokupwa akawavusha wote watatu hadi kwenye fungu la mchanga, mbele ya ufukwe wa Kinondo, awapige picha.

Bibi mmoja aliyetoka kuchokoa pweza alipita akirudi ufukweni, kanga imelowa hadi kiunoni. "Mwanangu, leo bamvua, maji yanajaa mbio. Rudisha watoto."

"Shikamoo, bibi. Yakija nitawabeba. Mimi si ndiye punda wao?"

Nyayo walizokuja nazo zilikuwa zimeshafutika. Pindo la joho la mahafali la mkubwa likaanza kuelea.

"Watoto watatu," alisema bibi. "Mikono unayo mingapi?"