Mguu Tu, Baba

"Maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi?"

"Sifuri," akajibu mzee Kilian.

Nesi Eunice nusura aangushe simu. Tangu mzee huyu afanyiwe upasuaji wa kifundo cha mguu pale Mbinga, kila mwezi alimpigia na maswali yale yale, na sifuri hakuwahi kuisikia. Mwanzoni mzee alikuwa akijibu kwa marefu na mapana: kahawa, mvua, barabara ya Mbuji, posa ya binti yake Asteria. Mpaka siku Eunice alipomkatiza, "Mguu tu, baba. Mengine sikuulizi." Tangu hapo mzee akawa anajibu alichoulizwa, basi.

"Kushuka mteremko?"

"Nimeshuka. Toka nyumbani mpaka kanisani."

"Viatu vya kufunga?"

"Nilivaa vile vyeusi alivyoninunulia Asteria."

Nyuma ya sauti ya mzee zilisikika sufuria zikisuguliwa, viti vikipangwa, wanawake wakiitana. Shughuli ya watu wengi. Eunice akakumbuka siku ile kabla ya upasuaji, mzee akiwa kwenye magongo, alipomuuliza anataka nini akipona. "Nimsindikize Asteria mpaka altareni, bila gongo." Wauguzi wengine walicheka. Eunice, ambaye hakuwa na baba wa kumsindikiza, alikwenda kulia chooni.

"Na lile lengo letu, baba? Altareni?"

"Tulifika. Jumamosi. Bila gongo."

Eunice akapiga vigelegele palepale wodini, wagonjwa wakageuka. "Hongera, baba! Hongera sana!"

Upande wa pili mzee akakohoa tu. Wazee na aibu zao, akawaza, huku akijifuta machozi. Kwa kazi hii iliyojaa miguu isiyopona, siku kama hii aliitamani mno.

Likabaki swali moja.

"Umeweza kubeba mzigo mzito?"

"Nimebeba."

"Jamani! Siku ya harusi ya binti, wamekubebesha nini?"

Mzee akavuta pumzi.

"Jeneza lake, sista. Nilishika upande wa kichwa. Vijana walitaka kunipokea, nikakataa. Mguu haukuuma hata kidogo."